KUCHAGUA NENO LA KIINGEREZA KWA KITU KINACHOVUTA MACHO



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi wanafunzi wetu mnaosoma sekondari, makala yetu safari hii inahusu jambo ambalo kwa juu juu ni dogo, nalo ni vivumishi vya Kiingereza vya kueleza vitu vinavyovuta macho: nguo zinazong'ara, gari lililochorwa kila upande, nyumba yenye nakshi, harusi iliyowashangaza watu. Tumelichagua kwa sababu katika vipindi vyetu vya Kiingereza baada ya Alasiri tunalikuta katika madaftari mwaka hadi mwaka, na kosa lake ni zito kuliko kosa la herufi. Herufi ikikosewa, msomaji huirekebisha kichwani mwake akaendelea. Kivumishi cha namna hii kikikosewa, mtu hutukanwa.

Chukueni mfano huu. Miongoni mwa insha zilizoletwa ili zichapishwe katika toleo hili ilikuwamo moja ya mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyeandika juu ya harusi ya dada yake. Aliandika vizuri, wageni amewaeleza, karamu ameieleza, hata harufu ya pilau msomaji anaipata. Alipofika kwa bibi harusi akaandika: "My sister was gaudy and ostentatious. Everybody looked at her." Tulimwita na kumuuliza alikusudia kusema nini, naye akajibu bila kusita kwamba dada yake aling'ara na kila mtu akamtazama. Maneno yale aliyatoa katika kamusi. Lakini anayekijua Kiingereza akiisoma sentensi ile anaelewa kwamba bibi harusi alirundikiwa mapambo ya ovyo, na juu ya hayo alikuwa akijitapa mbele za watu. Na dada mwenyewe anasoma Kiingereza, mumewe anasoma, wakwe wanasoma, na gazeti letu hili hufika kila nyumba. Neno limebadilishwa na mwandishi mwenyewe, na sasa mtasoma kwamba dada yake alikuwa "radiant", yaani aliyetoa nuru kama mionzi ya jua. Yeye ndiye aliyetuomba tuwaeleze wenzake jambo hili, na jina lake tumelihifadhi.

KISWAHILI CHETU KINAIJUA TOFAUTI HII

Kabla ya kuingia kwenye Kiingereza, hebu tujiangalie wenyewe. Mtu aliyevaa vizuri tunaweza kusema ni nadhifu, ni maridadi, ni mtanashati. Tukiongeza kidogo tunasema kajipamba, kapendeza, anameremeta. Tukizidi hapo tunaingia katika madoido na mbwembwe, na hapo sauti ya msemaji imeshaanza kubadilika. Halafu kuna maringo, mashauo na majivuno. Hakuna mtoto wa pwani atakayesimama ukumbini aseme "mashallah, bibi harusi ana mashauo" akidhani anamsifu. Tangu utotoni amelisikia neno hilo likitoka midomoni mwa watu wazima pamoja na sura waliyoikunja, na sura ile ndiyo iliyomfundisha.

Kiingereza nacho kina ngazi hizo hizo, tena nyingi zaidi. Tatizo ni kwamba sisi tunayapata maneno yake katika karatasi, bila sura ya msemaji. Kamusi ya lugha mbili inakupa maana ya neno, lakini mara nyingi haikwambii kama neno hilo ni la sherehe au la ugomvi. Ukitafuta "gaudy", "showy", "striking" na "flamboyant" unaweza kupewa karibu jibu moja kwa yote manne, kwamba ni -a kuvuta macho au -enye madoido, kisha ukaachwa uchague mwenyewe. Wanafunzi wengi, tunasema hili kwa mapenzi, huchagua lile lililo refu zaidi.

MANENO YANAYOSEMA TU KWAMBA KITU KINAONEKANA

Yapo maneno ambayo hayasifu wala hayalaumu. Linaloongoza ni "conspicuous", lililotoka katika neno la Kilatini la kutazama. Kazi yake ni kueleza kwamba kitu hakiwezi kukupita bila kukiona. Wanafunzi ambao baba zao au wajomba zao ni mabaharia watalielewa haraka, maana katika ramani za bahari za Kiingereza mnara, kilele cha mlima au jengo ambalo nahodha anaweza kulishika kwa jicho akiwa mbali huandikiwa neno hili, mara nyingi kwa kifupi, ili alitumie kujua yuko wapi. Anayeichora ramani hana habari kama jengo ni zuri au baya. Anachokuambia ni kwamba utaliona.

Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 katika zama za Sultani Barghash, ni mfano mzuri wa jengo lililostahili neno hili, kwani kwa miaka mingi wageni waliokuja kwa chombo waliliona ghorofa zake na mnara wake wa saa kabla hawajaona kitu kingine pale Mji Mkongwe. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka mwezi wa Disemba 2020, na anayeandika juu yake leo lazima alijue hilo.

Hata hivyo neno hili hili likiwekwa karibu na matumizi ya fedha hugeuka. Mwaka 1899 mwanauchumi wa Marekani, Thorstein Veblen, alitoa kitabu juu ya matajiri wa wakati wake, na humo akaueneza msemo "conspicuous consumption", kwa maana ya kununua na kutumia ili watu wakuone kuwa unacho. Msemo huo umekaa katika Kiingereza hadi leo na si wa sifa. Kwa hiyo mnara ukiwa "conspicuous" hakuna aliyeudhika, lakini matumizi yako yakiitwa hivyo, jua unasemwa.

"Showy" nalo lina tabia hiyo. Mkifungua vitabu vya bailojia mtakuta kwamba maua yanayochavushwa na wadudu mara nyingi huwa na petali kubwa za rangi, nayo huitwa "showy flowers". Hakuna lawama yoyote pale. Ua linamwita nyuki kwa rangi kwa sababu halina miguu ya kumfuata. Lakini sema "a showy man" na tayari umeshamteta mtu. Neno ni lile lile, kilichobadilika ni jina lililokaa mbele yake. Ndiyo maana tunawahimiza msikariri kivumishi peke yake kama mnavyokariri orodha ya wanyama. Kikaririni pamoja na jina ambalo hufuatana nalo.

Kwa usalama, mwanafunzi anayetaka tu kusema kwamba kitu kilivuta macho yake anayo "eye-catching" na "striking". La kwanza lafaa kwa tangazo, bango, jalada la kitabu au kitambaa. La pili ni zito kidogo na lina heshima, hufaa hata kwa sura ya mtu au kwa mandhari. Yote mawili huelemea upande wa sifa.

MANENO YA SIFA, NA MOJA LENYE UCHAWI NDANI YAKE

Upande wa sifa ni mpana na hauna hatari nyingi: "splendid", "magnificent", "dazzling", "spectacular". Angalieni tu kwamba "dazzling" ni la mwanga unaotia kiwi, na "spectacular" linatokana na kutazama, kwa hiyo hufaa zaidi kwa jambo linalotokea mbele ya macho, kama fataki, machweo au goli la mbali, kuliko kwa kitu kilichotulia kama meza.

"Glamorous" wengi wenu mnalijua kwa picha za waigizaji. Asili yake itawachekesha wale wanaoichukia sarufi. Ni neno "grammar" lenyewe! Katika karne za kati huko Ulaya, watu wa kawaida wasiojua kusoma waliona elimu ya vitabu kuwa kitu cha siri, wakaihusisha na uganga na mazingaombwe. Huko Uskoti matamshi yakageuka, neno likawa "glamour", likiwa na maana ya uchawi wa kufumba macho, kitu kionekane kizuri kuliko kilivyo. Mwandishi Walter Scott, aliyefariki mwaka 1832, ndiye aliyelieneza katika Kiingereza cha kila mtu. Baadaye uchawi ukatoka, ukabaki uzuri wa kuvutia. Lakini harufu ya zamani haijaisha yote: kitu "glamorous" bado huacha shaka ndogo kwamba ukikikaribia huenda usikikute vile. Kwa bibi harusi linafaa. Kwa mama yako mzazi anaposali Idi, tafuteni jingine.

Kwa vitu vyenye nakshi nyingi, neno lake ni "ornate". Hili ni neno la kipimo; linasema mapambo ni mengi na yamefanyiwa kazi, bila kukuambia kama mwandishi ameyapenda. Milango ya kuchonga ya Unguja na Lamu, yenye maua, minyororo na misumari ya shaba, huelezwa kwa neno hili katika vitabu vingi vya Kiingereza, na sisi tunaona ndilo hasa linaloifaa. Ukiuita mlango wa aina ile "gaudy" umemvunjia heshima fundi, maana kila kipande cha nakshi yake kimewekwa kwa hesabu na hakuna rangi inayogombana na nyingine.

Kati ya sifa na lawama limekaa "flamboyant". Ni neno la Kifaransa lenye maana ya kuwaka kama ndimi za moto, na Waingereza walilipokea kwanza kwa kueleza mtindo wa majengo ya Ufaransa ya karne ya 15 ambayo mawe ya madirisha yake yalichongwa kwa mistari inayojipinda kama moto. Na mti ule wa maua mekundu uliotoka Madagaska, ambao wengi huku kwetu huuita mkrismasi kwa kuwa huchanua mwezi wa Disemba, Waingereza huuita "flamboyant" vilevile. Basi mtu akikutatiza maana yake, ukumbuke mti huo ukiwa umechanua barabarani: mwekundu wote, hauna aibu, na hakuna anayeuchukia. Mchezaji mpira mwenye chenga nyingi anaweza kuitwa hivyo na akafurahi. Hakimu au imamu akiitwa hivyo, huenda asifurahi.

MANENO YA LAWAMA: LAWAMA INAMWANGUKIA NANI?

Hapa ndipo penye kazi, na hapa tunaomba mtulie nasi. Maneno ya lawama hayako sawa. Kila moja lina mahali linapopiga, na ukijua linapopiga hutakosea tena.

Yapo yanayopiga rangi na mwanga. "Garish" ni rangi au taa kali inayoumiza macho, kama taa za rangi tano zinazowaka na kuzimika mbele ya duka usiku kucha. "Loud" ni jepesi zaidi na ni la mazungumzo. Kwa Kiingereza nguo yenye rangi zinazogombana huambiwa inapiga kelele. Sisi kanga zetu husema kwa maandishi, za kwao zinasema kwa rangi.

"Gaudy" hupiga wingi: rangi nyingi, mapambo mengi, yote yakitaka kuonekana kwa wakati mmoja. Linatokana na jina la zamani "gaud", lililokuwa na maana ya kipambo kidogo cha thamani ndogo. Wapo watu, na si wanafunzi peke yao, wanaosimulia kwamba neno hili limetokana na Antoni Gaudí, yule msanifu wa majengo wa Barcelona mwenye nyumba za vigae vya rangi. Hadithi hiyo ni nzuri lakini haiwezekani, kwani Gaudí alizaliwa mwaka 1852 na Waingereza walikuwa wakilitumia neno hilo tangu karne ya 16.

"Tawdry" hupiga bei na ubora. Historia yake inafaa kuelezwa. Katika karne ya 7 kulikuwa na binti wa mfalme huko Uingereza aliyeingia utawa wa Kikristo na kuanzisha nyumba ya watawa katika mji wa Ely. Jina lake la Kiingereza cha kale ni gumu kulitamka, baadaye likafupishwa kuwa Audrey. Alifariki mwaka 679 akiwa na uvimbe shingoni, na mwanahistoria Bede, aliyemaliza kitabu chake mwaka 731, anaeleza kwamba bibi huyo aliuchukulia uvimbe ule kuwa ni malipo ya mikufu mizito aliyopenda kuvaa ujanani. Kwa karne nyingi baada yake palikuwa na gulio pale Ely kila mwezi wa Oktoba katika siku ya kumkumbuka, na wachuuzi waliuza kanda za hariri za kuvaa shingoni zilizoitwa kwa jina lake, "Saint Audrey's lace". Lisemwe haraka jina hilo, herufi ya mwisho ya "Saint" inarukia neno linalofuata, na hivyo ndivyo "tawdry" lilivyopatikana. Kanda zenyewe zikaendelea kutengenezwa kwa bei ya chini zaidi na zaidi mpaka jina likawa tusi kwa kila pambo rahisi lililojifanya la thamani. Mwanamke aliyejutia mikufu, jina lake likaishia kwenye mapambo ya gulioni.

Kwa hiyo mkufu wa dhahabu halisi unaweza kuwa "gaudy" ukizidi vikolombwezo, lakini si rahisi kuwa "tawdry". Mkufu wa bati uliopakwa rangi ya dhahabu ndio "tawdry". Na "flashy" ni la kinyume kidogo, kwani hutokana na mmweko. Kitu "flashy" huenda ni ghali kweli, kama gari jipya au saa ya mkononi, ila mng'aro wake ni wa mara moja na mwandishi anaashiria kwamba nyuma yake hakuna kikubwa.

"Ostentatious" ni neno la namna nyingine kabisa. Halipigi rangi, halipigi bei, wala halipigi wingi. Linapiga nia ya mtu. Ukisema harusi ilikuwa "ostentatious" umesema kwamba mwenye harusi aliifanya ili aonekane. Linatokana na Kilatini, kwenye kitenzi cha kuonyesha. Wanafunzi wetu wa Kiarabu watafurahi kuona kwamba "riyaa" nalo linatokana na mzizi wa kuona, na Kiswahili kikasema "kujionyesha", kutokana na kuona vilevile. Lugha tatu ambazo hazikukaa nyumba moja zimetafuta jina la ugonjwa huu, na zote zimelikuta kwenye jicho la mtazamaji.

Lakini mnajua kutokana na darasa la akhlaq kwamba riyaa ni jambo la moyoni, na ya moyoni anayajua Mola peke yake. Basi anayeandika "ostentatious" juu ya mtu fulani anatoa ushahidi wa jambo ambalo hakuliona. Taa aliziona, magari aliyahesabu, nguo alizishika kwa mkono wake, nia hakuiona. Huenda baba wa bibi harusi alikuwa na deni la shukrani kwa majirani wa miaka 20 akataka wote wale washibe. Huenda zile taa aliazimwa. Hatusemi neno hili lisitumike. Mtu akisimama mbele ya kamera akawa anahesabu noti moja moja kabla ya kumpa maskini, na kamera ikizimwa akaziweka mfukoni, hapo mwandishi ana ushahidi na neno limepata mahali pake. Tunachosema ni kwamba asiye na ushahidi atumie neno linalohusu kitu, kwani kitu kinaweza kuangaliwa na kila mtu na kila mtu akatoa hukumu yake.

Jirani yake ni "pretentious", la mtu au kitu kinachodai daraja ambayo hakina. Duka la chumba kimoja lenye bango la "International" tumeliona mara nyingi, na tunadhani wenyewe hawana nia mbaya.

Na katika maneno yenyewe pia kuna mbwembwe. Hotuba iliyojaa maneno makubwa pasipo maana huitwa "bombastic". Katika karne ya 16 "bombast" ilikuwa pamba, ile ya kujazia nguo mabegani na kifuani ili mvaaji aonekane mpana. Insha yenye vivumishi virefu vitano katika mstari mmoja imejazwa pamba, na msahihishaji mzoefu huijua kwa kuibonyeza tu. Katika mtihani wa kidato cha nne hakuna alama za urefu wa neno. "Bright", "colourful", "beautifully decorated" ni maneno ya darasa la chini, na hatujaona mtu aliyeangushwa nayo.

GARI MOJA, MASHAHIDI WANNE

Tuyajaribu maneno haya kwa kitu kimoja. Tumechukua matatu ya Nairobi, kwa sababu wengi mmeziona, kwa safari au kwa picha: magari ya abiria yaliyochorwa sura za wanamuziki na wachezaji mpira, yenye taa za rangi ndani na muziki. Mwaka 2004 serikali ya Kenya ilipoleta kanuni kali za usafiri, zilizokuja kujulikana kwa jina la waziri John Michuki, magari yalitakiwa yavae mstari wa manjano ubavuni na michoro ikafutwa. Miaka ya baadaye michoro ilirudi. Bila shaka pande zote mbili zilikuwa na maneno yao.

Tuseme gari moja la namna hiyo limesimama kituoni. Mwenye gari anasema ni "eye-catching", maana anataka abiria. Kijana aliyelichora anasema ni "flamboyant", naye anajivunia mkono wake. Mzee mwenye macho mabovu anayetaka kujua tu linaenda wapi anasema ni "garish", na ana haki, kwani taa zinamuumiza. Mwenye gari la pili, ambaye hakupata abiria leo, anasema mwenzake ni "ostentatious". Gari ni lile lile. Msomaji ambaye hakuwapo kituoni hatajua chochote kuhusu gari zaidi ya neno aliloletewa, na atakapolifikiria atalifikiria kwa jicho la aliyelichagua neno.

Watatu wa kwanza tunaweza kwenda kuwahakikisha kwa kulitazama gari. Wa nne tutamhakikisha kwa nini?

NAMNA YA KUTAFUTA

Kamusi zilizotungwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza husaidia sana kuliko za lugha mbili katika jambo hili. Mashuhuri kati ya hizo ilianzishwa na A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Kiingereza huko Japani na ambaye, kwa kuwaona wanafunzi wake wakihangaika kama mnavyohangaika nyinyi, alitunga na wenzake kamusi iliyochapishwa kwanza Tokyo mwaka 1942 na kisha na Oxford mwaka 1948. Leo inaitwa Oxford Advanced Learner's Dictionary. Katika matoleo yake ya karibuni, kabla ya maana ya baadhi ya maneno mtakuta neno dogo "disapproving", yaani asemaye hili hajapendezwa, au "approving", yaani amependezwa. Huko ndiko ilikofichwa ile sura tuliyoisema mwanzo. Kisha someni sentensi za mfano zilizo chini yake na muangalie linafuatana na majina gani. Kama neno linafuatana na mawe ya bandia, nguo za sarakasi na mabango ya usiku, usilipeleke kwa shangazi yako.

Barua za shukrani zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu mpokeaji hana wa kumuuliza ulikusudia nini. Mfano ni huu. Mfadhili ametoa taa kubwa ya vioo kwa ajili ya msikiti, na mwanafunzi mwenye Kiingereza kizuri ameombwa aandike. Akiandika "We thank you for the showy lamp" mfadhili atajiuliza kama amekosea kutoa. Akiandika "the ornate lamp" ameieleza taa ilivyo. Akiandika "the beautiful lamp, which now lights the whole hall" amemwambia mfadhili kitu ambacho huyo alikuwa akitaka kukijua kuliko vyote, kwamba inawaka na watu wanaona.

Wazazi wasiojua Kiingereza wasidhani hawana nafasi hapa. Mtoto akikuletea insha yake muulize kwa Kiswahili: hapa ulikuwa unamsifu mtu huyu au unamsema? Na kama unamsema, unamsema yeye au unaisema nguo yake? Akishindwa kukujibu, mrudishe kwenye kamusi.

Nakala moja ya kamusi tuliyoitaja ipo katika kabati la madrasa, rafu ya chini, karibu na vitabu vya tajwidi. Haitoki nje, lakini mlango huwa wazi baada ya Alasiri mpaka adhana ya Magharibi, siku zote isipokuwa Ijumaa.